Kabla ya Kuunda, Pima

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wakunga na wauguzi ambao baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, na ninyi vijana mnaosomea uhandisi tiba: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mada niliyopewa ni uhandisi tiba katika afya ya uzazi ya mwanamke. Ikitajwa mada hii, wengi hutazamia habari za roboti za upasuaji na akili unde. Hayo yapo, na mengine ni mazuri sana. Lakini kifaa ninachotaka kuanza nacho ni karatasi ya plastiki.

Mtoto akishatoka, mkunga huiingiza karatasi hiyo chini ya makalio ya mama. Ncha yake inaning'inia ukingoni mwa kitanda, imetengenezwa kama mfuko, na mfuko huo umechapwa mistari ya vipimo. Damu inayotoka inateremka humo. Mkunga anainama, anasoma, anaandika. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna skrini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 hutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kila mwaka, na karibu 70,000 kati yao hufa. Mara nyingi sababu ni mfuko wa uzazi kushindwa kujikaza. Mimba ikishakomaa, damu inayopita kwenye mfuko huo hufika mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli yenyewe ya mfuko, ambayo nyuzi zake zimesukwa kuizunguka mishipa ile. Nyuzi zikikaza, mishipa inabanwa. Zikilegea, damu haina kizuizi, na muda wa kumwokoa mama huhesabiwa kwa dakika.

Kwa miaka mingi damu hii ilipimwa kwa jicho. Imelowa kwenye shuka, imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imemwagika sakafuni, nyingine imeganda. Mkunga ana akina mama wengine wawili wanaosukuma, halafu anaambiwa akadirie. Hata mwenye uzoefu wa miaka mingi hukadiria chini, na damu inapozidi kuwa nyingi ndipo makadirio yanapozidi kwenda kando. Sipendi kusikia mkunga akilaumiwa kwa hilo. Tulimpa kazi ya kupima bila kumpa kipimo.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wao wa kila siku. Nusu nyingine zilipewa karatasi hiyo ya plastiki pamoja na utaratibu wa matibabu: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, dawa ya traneksamiki ya kusaidia damu isiendelee kutoka, maji ya mshipani, kumkagua mama na kumwita mkubwa mapema. Vyote vinatolewa kwa pamoja, bila kungoja kwanza kuona kama hiki kimeshindwa ndipo kile kijaribiwe. Palipokadiriwa kwa jicho, tatizo liligunduliwa kwa karibu nusu tu ya wanawake waliokuwa nalo. Palipopimwa, liligunduliwa kwa asilimia 93. Na madhara makubwa, yaani kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwayo, yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Nawaomba wanafunzi mtazame mistari ya mfuko ule. Tafsiri ya kitabibu iliyozoeleka ya kutokwa na damu nyingi ni mililita 500. Lakini kwenye karatasi ile kuna mstari wa onyo mahali pa 300: damu ikifika hapo na mapigo ya moyo au presha ya mama si ya kawaida, usingoje 500, anza kutibu. Mtu aliamua mstari ukae pale. Mstari ule unampa mkunga muda wa kuita msaada, kufungua dawa, kutafuta mshipa. Plastiki ni plastiki tu. Uhandisi uko kwenye mstari ule wa 300.

Hoja niliyokuja nayo leo ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mwanamke bado haijapimwa, au imepimwa kwa vifaa vilivyosanifiwa kwa ajili ya miili mingine. Hilo lisipotangulia kurekebishwa, vifaa vyetu vitaendelea kuwa vya kubahatisha, hata viwe vya kupendeza namna gani.

Chukueni mashine ya kawaida ya kupima presha, ile inayojaza upepo yenyewe. Haisikilizi mapigo kama mkunga mwenye stetoskopu. Inasoma mitetemo ya ukuta wa mshipa wakati mkanda unapolegea, kisha programu iliyo ndani inakokotoa presha kutokana na mitetemo hiyo. Programu hiyo iliundwa kwa kuangalia mishipa ya watu ambao hawana mimba. Mwanamke mwenye priklampsia, ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, mishipa yake imebadilika, na mashine nyingi humsomea presha ya chini kuliko aliyonayo. Yaani mashine inakosea kwa yule anayeihitaji kuliko wote, na inakosea kwa upande wa kumwambia yuko salama.

Andrew Shennan na wenzake wa King's College London walishughulika na jambo hili. Kifaa walichokitengeneza kilipimwa kwa wajawazito, wakiwamo wenye priklampsia. Kinachajiwa kwa chaja ya simu, na kinawasha taa ya kijani, ya njano au nyekundu. Taa hizo hazitazami presha peke yake. Kifaa kinagawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, na jibu likifika 0.9 kinawasha njano, likifika 1.7 kinawasha nyekundu, kwa sababu mama anayepoteza damu moyo wake huanza kukimbia kabla presha haijaanguka. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, lakini nani ana nafasi ya kugawanya akilini saa tisa za usiku, mikono imejaa damu?

Hata hivyo, kifaa hicho kilipojaribiwa katika maeneo kumi ya nchi mbalimbali, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuwawezesha watafiti kusema kwa uhakika kama kilipunguza vifo na madhara. Viwango vilipanda na kushuka mno kati ya eneo na eneo. Mimi naendelea kukiamini kifaa kile. Lakini kipimo sahihi kikimfikia mkunga asiye na dawa, asiye na damu ya kuongeza, asiye na gari la kumpeleka mgonjwa mbele, kinamwongezea ujuzi wa jambo asiloweza kulitenda. Karatasi ya plastiki ilikuja na matibabu yake mkononi, na nadhani siri yake kubwa ni hiyo.

Nije kwenye hedhi. Najua ukumbi ukichanganyika jinsia watu huanza kutazama viatu vyao, lakini wahandisi hatuna ruhusa hiyo.

Mwaka 2023 watafiti wa Oregon huko Marekani walichapisha kazi iliyolinganisha bidhaa 21 za hedhi: taulo za kike, tamponi, vikombe, visahani na chupi za hedhi. Walichofanya tofauti ni kutumia damu, chembe nyekundu kutoka benki ya damu zilizopita muda wake. Kabla ya hapo, vipimo vilivyochapishwa na watengenezaji vilitegemea maji au maji ya chumvi. Damu ni nzito, ina chembe, inapenya kitambaa kwa namna yake. Kiasi walichokiona mara nyingi hakikulingana na kilichoandikwa kwenye pakiti. Visahani vilibeba damu nyingi kuliko vyote, na chupi za hedhi zilibeba kidogo kuliko vyote.

Mtu anaweza kuona hilo ni jambo la dukani tu. Hapana. Msichana anakwenda kliniki analalamika hedhi nzito, anachoka, anapumua kwa shida akipanda ngazi. Daktari anamuuliza, "Unabadilisha taulo ngapi kwa siku?" Jibu lake linageuzwa kuwa makadirio ya damu anayopoteza, na kwenye makadirio hayo kunajengwa uamuzi wa kumtibu upungufu wa damu au kumrudisha nyumbani. Kama hatujui taulo moja inabeba nini, basi swali lile ni mapambo. Bidhaa inayotumiwa na mamilioni ya watu kila mwezi ilikaa sokoni miongo mingi, na vipimo vya watengenezaji wake havikutumia kimiminika ambacho imetengenezwa kukipokea. Sina lugha ya upole kwa jambo hilo.

Ndani zaidi kuna ugonjwa wa endometriosisi. Tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko, juu ya ovari, nyuma ya mfuko, wakati mwingine kwenye utumbo. Inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, wapatao milioni 190 duniani, na wengi wao hukaa miaka mingi wakiambiwa maumivu ni sehemu ya uanamke kabla ya mtu kulitaja jina la ugonjwa. Sababu moja ya sisi kuufahamu kidogo hivi iko maabara. Sayansi ya tiba imejengwa juu ya panya, na panya wa kawaida wa maabara hawaendi hedhi. Wanaokwenda hedhi ni binadamu, baadhi ya nyani, popo wachache, sange wa aina fulani na panya mmoja mwenye miiba. Ukimlazimisha panya wa kawaida kuugua ugonjwa huu, unasoma ugonjwa ulioupandikiza mwenyewe.

Hapa ndipo naona kazi nzuri kuliko zote za taaluma yetu. Linda Griffith, mhandisi wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, alikuwa tayari na jina kubwa katika ujenzi wa tishu. Ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliugua endometriosisi na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Mwaka 2009 alishiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa magonjwa ya uzazi ya wanawake hapo MIT. Kikundi chake huchukua seli kutoka kwa wagonjwa, huzikuza ndani ya jeli laini iliyotengenezwa ifanane na mazingira ya mwilini, kisha huzipa homoni kama mwili ungezipa. Jeli hiyo isidharauliwe. Seli huhisi ugumu wa mahali zilipokaa, na zikikaa juu ya plastiki ngumu ya sahani ya maabara hubadilika tabia. Ugumu wa jeli, kasi ya homoni kuingia na kutoka, hewa inayofika katikati ya kitonge cha seli, yote ni hesabu za mhandisi.

Mwaka 2017 kikundi cha Teresa Woodruff, wakati ule akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, kilionyesha mfumo unaotosha kiganjani, uliounganisha kwa vijifereji tishu za ovari, mrija wa uzazi, mfuko wa uzazi, mlango wa kizazi na ini. Ovari ilitoka kwa panya, nyingine zilikuwa za binadamu. Mfumo ule ulipitisha mzunguko wa homoni wa siku 28, tishu zikipelekeana ishara zenyewe. Ini liliwekwa kwa sababu dawa nyingi hupitia huko kwanza, na dawa inayobadilishwa na ini inaweza kuufikia mfuko wa uzazi ikiwa kitu kingine kabisa. Mwaka huohuo maabara za Ulaya zilieleza jinsi ya kukuza vitonge vya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi wa binadamu, na baadaye ikaonekana kwamba seli za kuvikuzia zinaweza kupatikana katika damu ya hedhi. Fikirini maana yake kwa mgonjwa: sampuli ya kuchunguza mfuko wa uzazi bila kukatwa, bila ganzi, kutoka kitu ambacho leo kinatupwa.

Baada ya kuusifu upimaji hivi, lazima niseme pia mahali ulipotupeleka pabaya.

Mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni mfululizo wakati wa uchungu iliingia hospitalini kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na ikaenea kabla ya majaribio makubwa kuonyesha faida yake. Ilionekana dhahiri: ukiona kila pigo, utaokoa kila mtoto. Majaribio yalipokusanywa na kulinganishwa na mkunga anayesikiliza kwa vipindi, degedege za watoto wachanga zilipungua kwa nusu, na hilo si dogo. Lakini vifo vya watoto havikupungua, mtindio wa ubongo haukupungua, na upasuaji wa kujifungua uliongezeka. Mchoro wa mapigo uliotolewa na mashine ulitoa ishara nyingi za kutisha kwa watoto waliokuwa wazima. Kila ishara ilidai jibu, na jibu lililokuwa karibu ni kisu. Mwenye kusanifu mashine inayopiga kengele anawajibika pia kwa kila kengele ya uongo, kwa sababu upande wa pili wa kengele ile kuna tumbo litakalopasuliwa.

Vifaa vinavyobaki ndani ya mwili vina hatari nyingine, maana mwili hujibu polepole. Dalkon Shield kilikuwa kitanzi cha uzazi kilichouzwa Marekani kuanzia 1971. Umbo lake lenye vimiba pembeni lilikifanya kishike sana, hivyo uzi wa kukitolea ulihitaji nguvu. Wakachagua uzi wa mamia ya nyuzi nyembamba ndani ya gamba la nailoni, ambalo halikuzibwa kwenye ncha. Kama utambi unavyopandisha mafuta, uzi ule ulipandisha bakteria kutoka ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Wanawake walipata maambukizi makali, wengine walipoteza uwezo wa kuzaa, wengine walikufa kwa mimba zilizooza kwa maambukizi. Uuzaji ulisimama mwaka 1974, na mwaka 1976 Marekani ikapitisha sheria ya kudhibiti vifaa tiba, ambayo kisa hiki kiliichochea kwa sehemu kubwa. Vitanzi vya leo vina uzi wa unyuzi mmoja usio na gamba, na ni salama. Ukiwasikia wazee wakiogopa kitanzi, usiwacheke, hofu ile ina chanzo.

Tungedhani somo limeeleweka. Lakini nyavu za polipropilini, aina ya plastiki, zilizozoeleka katika kutibu ngiri kwenye ukuta wa tumbo, zilihamishiwa ukeni kwa wanawake ambao kizazi kimeshuka. Tishu ya pale ni laini mno kuliko ukuta wa tumbo, na inavutwa kwa namna nyingine. Wavu ukivutwa, matundu yake hujifumba, na tishu ya mwili inashindwa kupenya. Wavu mgumu ukibeba mzigo wote, tishu iliyo chini yake hudhoofika. Hayo ni mambo ya kupimika kwa mashine ya kuvuta iliyopo katika kila chuo cha uhandisi. Wanawake walilalamika maumivu kwa miaka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru uuzaji wa nyavu za kutibu kizazi kilichoshuka kwa kupitia ukeni usimame Aprili 2019, na Julai 2020 tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege nchini Uingereza ilieleza kwa kirefu jinsi malalamiko yao yalivyopuuzwa. Malalamiko ya mgonjwa ni data. Kiwanda kinachouza kifaa cha kukaa mwilini bila daftari la kumfuatilia kila aliyewekewa, kimeacha nusu ya kazi.

Niguse kwa ufupi saratani ya mlango wa kizazi, iliyoua wanawake wapatao 350,000 mwaka 2022. Mabadiliko ya awali yanaweza kuondolewa siku ileile yanapoonekana. Zamani yaligandishwa kwa baridi kali iliyotegemea mitungi ya gesi, mizito, ya gharama, inayoisha. Sasa kuna kifaa cha mkononi cha betri, chenye ncha inayofika nyuzi 100 hivi, na kazi inakwisha chini ya dakika moja kwa kila mguso. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Kikubwa kilichobadilika hapo ni kuuondoa mtungi, na mara nyingi nawaambia vijana: kabla ya kuongeza kitu kwenye kifaa, tazama ni kitu gani kinamfanya mhudumu akiache kabatini.

Mtaanzaje? Ultrasaundi ya ujauzito ilizaliwa Glasgow, daktari Ian Donald alipokwenda kiwandani na uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupima kwa chombo cha kutafutia nyufa kwenye chuma. Kisha mhandisi kijana, Tom Brown, akasikia habari zake, akamtafuta mwenyewe, wakafanya kazi pamoja. Makala yao ya mwaka 1958 ina jina la Brown kama mwandishi, sambamba na madaktari wawili. Brown hakungoja kuandikiwa barua ya mwaliko.

Nanyi msingoje. Ombeni ruhusa mkae chumba cha kujifungulia usiku mzima, mkiwa wasaidizi wa kubeba na kusafisha, mwone mkono wa mkunga uko huru dakika ngapi, na taa inamulika wapi. Mkianza mradi, mkunga awe mezani siku ya kwanza, mwenye kura, na jina lake liwe kwenye kazi. Na kila namba mtakayoitegemea, presha, ugumu wa tishu, ujazo wa damu, andikeni pembeni yake ilipimwa kwa nani. Mkikuta haikupimwa kwa mwanamke, au haikupimwa kwa mjamzito, hapo ndipo mradi wenu uanzie.

Muda wa maswali umefika. Naomba vipaza sauti vipelekwe kwanza kule nyuma walikokaa wakunga, na wahandisi tuandike watakayosema.